EliteBook 840 G1 ya steshenari imechoka: nianze na RAM, nianze na diski, au niachane nayo?

Mama Kopi (Ng'hong'hona)

Habari zenu wakuu. Nina steshenari ndogo huku Ng'hong'hona, jirani na UDOM. Kazi zangu mnazijua: kuchapa ripoti za wanafunzi, kuprinti, kuskani vyeti, kujaza fomu za ajira na za mkopo, na mwisho wa wiki kadi za michango ya harusi kwenye Publisher.

Mashine ninayoitegemea ni HP EliteBook 840 G1, i5 ya kizazi cha nne, RAM (memori ya kufanyia kazi) GB 4, diski ile ya kawaida ya GB 500, Windows 10. Niliinunua ikiwa imeshatumika na mwanzoni sikuwa na neno nayo. Siku hizi nikiiwasha asubuhi nafagia, namwagia maji mlangoni vumbi litulie, napanga rimu za karatasi, nikirudi bado inazunguka tu. Mwanafunzi akichomeka flashi yenye Word ya kurasa nyingi na picha ndani, inaganda. Anasimama pale kaunta, anaangalia saa, halafu anauliza kwa upole kama kuna steshenari nyingine karibu. Hapo hela yangu imeshaondoka.

Feni nayo inavuma hata kama sijafungua kitu. Betri haishiki kabisa, waya ukichomoka imezima. Umeme ukikatika katikati ya kazi naanza upya, na mteja anataka nianze upya kwa bei ileile.

Nimepita mjini kuuliza. Fundi mmoja kasema ongeza RAM tu mama, itapaa. Wa pili kasema RAM ni kupoteza hela, weka SSD, ile diski isiyo na kinachozunguka ndani. Wa tatu hata hakuifungua, alitoa kabatini 840 G3 akasema hii ndiyo inakubali Windows 11, niongeze 350,000 na hii yangu nimwachie. Baba watoto yeye anasema nisitie hata shilingi kwenye kitu cha zamani.

Bei nilizopewa ni hizi: SSD ya GB 256 ni 75,000, RAM ya GB 4 iliyotumika 30,000, betri 70,000, kusafisha ndani 15,000. Bajeti yangu ni 200,000. Naombeni mnielekeze kama mnavyomwelekeza dada yenu. Na hiki kiujumbe kinachoniambia Windows 10 imefika mwisho, kinanihusu au nikizime tu?

Kijana wa CIVE

Shikamoo mama. Mimi niko hapo juu chuoni, nadhani hata ripoti yangu ya mafunzo kwa vitendo uliiprinti wewe.

Ushauri wangu: Windows itoe, weka Linux Mint. Ni bure, ni nyepesi, virusi vya flashi za wanafunzi vilivyotengenezwa kwa ajili ya Windows haviisumbui, na inaendelea kupata masasisho hata kwenye mashine ya zamani. LibreOffice inafungua Word. Hapo hujatumia hata mia. SSD utaweka bumu (hela ya mkopo wa chuo) likitoka (lako au letu, maana ndilo hilohilo).

Fundi Bisibisi (Majengo)

Mbukwenyi.

Mama Kopi, kabla hujatoa pesa fanya jambo ambalo hao wote watatu hawakukuambia. Siku imeganda hasa, mteja yuko mbele yako, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kitafunguka kidirisha chenye safu ya prosesa, ya memori na ya diski. Soma namba. Ukikuta diski imesimama kwenye 100% na prosesa iko chini huko inacheza na 10 au 20, basi prosesa haina kosa, inasubiri kuletewa kazi. Ukikuta memori iko 90 kwenda juu, RAM imejaa na Windows imeanza kuazima nafasi kwenye diski. Na hapa ndipo mafundi wanapopishana: RAM ikiwa ndogo, diski inabebeshwa mzigo usio wake, kwa hiyo zote mbili zinaonekana wagonjwa. Fundi wa RAM na fundi wa SSD wote wanaweza kuwa sahihi. Wa G3 ndiye nitamrudia baadaye.

Kama mfuko ungeruhusu kitu kimoja tu, ningekuambia SSD bila kufikiri. Hiyo diski yako ndani ina sahani inayozunguka na mkono unaotembea juu yake kutafuta data. Kila kipande cha faili kinachotakiwa, mkono usogee, sahani ifike mahali pake, ndipo isomwe. Inachukua milisekunde kumi na kitu, unaona ni kidogo, lakini Windows ikiwaka inadai vipande maelfu kwa maelfu vilivyotapakaa kila kona. SSD haina kinachotembea, na jibu linatoka chini ya sehemu ya kumi ya milisekunde. Mashine ileile, prosesa ileile, unawasha na hujamaliza kufungua dirisha la duka imeshakuomba nywila.

Nunua ya inchi 2.5, ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski yako), unene wa milimita 7. Zile nyembamba kama biskuti zinazoitwa NVMe zina sifa kubwa, ila kwenye G1 hazifanyi kazi, usishawishike. SATA ya mashine yako inafika kama megabaiti 550 kwa sekunde, na kwa kazi ya Word na PDF hutaona tofauti na hizo za kifahari.

Tahadhari moja kwenye kununua. Ukiona SSD ya TB 2 inauzwa bei ya GB 256, tena jina la kampuni hujawahi kulisikia, kimbia. Nimeshazifungua: ndani mna kadi ndogo ya memori iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake. Itapokea faili zako, itakuambia imehifadhi, siku unataka kuzifungua hamna kitu. Kuna programu ya bure, H2testw, inaijaza diski yote kisha inasoma ilichoandika. Muuzaji wa kweli hakatai uijaribu.

RAM sasa. G1 ina nafasi mbili, mwisho wake GB 16. Ukifungua mfuniko wa chini (una kitasa cha kusukuma, huhitaji hata bisibisi) utaona kama hiyo 4 yako ni kijiti kimoja au viwili vya 2. Kama ni kimoja, ongeza kingine cha 4 uwe na 8. Vijiti viwili vinafanya kazi sambamba, na kwa kuwa picha ya skrini inatumia memori hiyohiyo, mashine inachangamka zaidi ya hesabu ya 4 kujumlisha 4. Kama ni viwili vya 2, vyote vitatoka na hesabu yako inabadilika, kwa hiyo fungua uangalie kwanza. 16 kwa kazi yako ni anasa.

Ila kiwe DDR3L. Hiyo L ndiyo kila kitu. Prosesa za kizazi cha nne za aina yako zinataka memori ya volti 1.35, na kwenye lebo utaona imeandikwa PC3L. Kijiti cha DDR4 hakitaingia, pengo lake liko mahali pengine, na anayekusukumia kwa nguvu mnyang'anye mashine yako. Hatari iko kwenye DDR3 isiyo na L, ya volti 1.5. Ile inaingia vizuri kabisa, inalia klik, unawasha skrini nyeusi. Halafu unaambiwa "mama, bodi yako imekufa". Wapo wanaokula pesa za watu kwa hilo tu.

Feni. Hapa Dodoma tuzungumze ukweli, kuanzia Julai upepo unapoanza mpaka mvua ya kwanza ya Desemba, tunakula vumbi na mashine zinakula vumbi. Likichanganyika na nyuzi za nguo na unga wa karatasi (wewe una mashine ya kopi humo ndani, unga unao wa kutosha) linajishona kati ya feni na zile mbavu za kupozea joto. Ukifungua unakuta kitu kama kipande cha blanketi. Hewa haipiti, prosesa inapanda joto, na ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mtu anasema mashine imezeeka, kumbe imezibwa pua. Kusafisha ni kazi ndogo: kutoa vumbi, kubadilisha themo pesti (ile krimu ya kupitishia joto) iliyokauka juu ya prosesa, basi. Anayepuliza kwa blowa aishike feni kwa kidole isizunguke hovyo. Na wewe ukirudi dukani usiiweke mashine juu ya kile kitambaa cha kufuma ambacho kila mama mwenye duka anacho, wala ubavuni mwa mashine ya kopi inakotokea hewa ya moto.

Betri. Vijana wataniambia ni ya mwisho kwenye orodha. Mimi kwa mtu wa steshenari naipandisha ifuate SSD, hata mbele ya RAM. Betri nzima ya laptopu ndiyo inayokushikilia umeme unapokatika ghafla. Faili ikiwa inaandikwa na umeme ukaondoka, unaweza kupoteza si kurasa za leo tu, faili zima likagoma kufunguka. Kwa G1 tafuta iliyoandikwa CM03XL. Ya G3 inaitwa CS03XL, majina ni pacha, betri si pacha. Uliza imetengenezwa lini, maana betri inachoka hata ikiwa imelala kwenye boksi. Ukishaifunga, fungua lile dirisha jeusi la amri uandike powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti yenye uwezo ilioundwa nao na uwezo ilio nao sasa. Namba hizo zikipishana sana kwenye betri "mpya", irudishe siku hiyohiyo. Na hiyo ya zamani itazame kabla ya yote. Kama imevimba, au sehemu ya kugusia chini ya kibodi imeinuka, acha kuichaji kuanzia leo, na asiichokonoe mtu.

Prosesa usiiguse. Imechomelewa kwenye bodi, atakayekuambia anakuwekea i7 anakuwekea stika.

Sasa yule wa G3. Orodha rasmi ya Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi cha nane, ukiacha vichache sana. G3 ni kizazi cha sita. G4 ni cha saba. Windows 11 unaweza kuilazimisha ikaingia kwenye G3 kwa njia ya panya, ila njia hiyohiyo inaiingiza na kwenye G1 yako, na kote huko Microsoft haikuahidi masasisho. Kwa hiyo 350,000 pamoja na mashine yako juu, unanunua kitu kilekile kilichovaa shati jipya. Siku ukiamua kubadilisha kweli, anzia 840 G5 yenye prosesa ya kizazi cha nane.

Kiujumbe cha Windows 10 kinakuhusu. Msaada ulikoma 14 Oktoba 2025, maana yake matundu ya usalama yanayogunduliwa hayazibwi tena kwa bure ya kawaida. Kuna nyongeza ya masasisho ya usalama unayoweza kujiandikisha kwenye mipangilio, sehemu ya masasisho, inaishia 13 Oktoba 2026. Kwako si jambo la kupuuza, flashi za chuo kizima zinapita humo. Kazi zako za benki zifanyie kwenye simu, si kwenye mashine ya kaunta.

Kijana, Mint naipenda. Ila mama anatengeneza kadi kwenye Publisher, na Mint haina Publisher. Na mwalimu wa chuo akikuta jedwali la utafiti limehama kutoka kurasa moja kwenda nyingine, hamwulizi LibreOffice, anamwuliza mwanafunzi, na mwanafunzi anarudi kwa mama.

Hesabu kwa bei ulizopewa: SSD, betri, RAM na usafi ni 190,000. Leseni ya Windows usinunue nyingine, hiyo iliyoamilishwa imefungamana na bodi, haijali diski imebadilishwa.

Mwalimu wa Kondoa

Nina G1 kama hiyo, naitumia kuingizia alama na kutunga mitihani. Niliweka SSD, RAM nikaiacha 4. Ukifungua Word na kurasa mbili tatu za intaneti haina shida, ukifungua kumi inaanza kulegea. Kwa hiyo mama ukibanwa, RAM inaweza kungoja mwezi ujao. Betri isingoje, hapo namuunga mkono fundi.

Kwa walio nje ya mji kama mimi: kabla hujatuma pesa Dar upakiziwe kifaa kwenye basi, muuzaji akupigie picha ya lebo, si ya boksi. Picha ya boksi hata mimi naweza kukutumia.

Ila fundi, kadi za harusi hata LibreOffice Draw inazitengeneza. Na Publisher yenyewe Microsoft wameshatangaza kwamba msaada wake unakoma Oktoba 2026. Mama atalazimika kujifunza kingine tu.

Mama Kopi (Ng'hong'hona)

Asanteni sana. Kijana marahaba, kumbe ndiyo wewe wa jalada la bluu.

Nimefanya kama fundi alivyosema. Mteja amesimama, nikabonyeza: diski 100%, memori 92%, prosesa 14. Nikafungua mfuniko, kijiti ni kimoja, imeandikwa PC3L. Betri haijavimba ila ni ile ya tangu nilipoinunua. Feni sitaki hata kuisimulia.

Nikamwomba mwanafunzi mmoja aikague diski, akaweka programu inaitwa CrystalDiskInfo. Imetoa rangi ya njano, imeandika "Caution", na mistari miwili inayohusu sekta nayo ina njano. Yeye akasema nibonyeze ile ya kurekebisha diski iache usiku kucha. Nifanye? Humo ndani mna kazi za watu za miaka, na vyeti vilivyoskaniwa.

Fundi Bisibisi (Majengo)

Usifanye. Nasema tena usifanye, na huyo kijana mwambie asante.

Njano pale kwenye sekta ni kwamba diski imeanza kuwa na sehemu zisizosomeka, imezihamishia akiba au inasubiri kuzihamisha. Ile ya kurekebisha inaikwaruza diski nzima saa na saa, na diski dhaifu inaweza kufia humo humo. Kwanza toa mali. Anza na vilivyo vidogo na visivyo na nakala kwingine: vyeti, faili za wateja wa mwezi huu, hesabu zako. Kisha kadi. Filamu na miziki ya baba watoto ziwe za mwisho. Weka kwenye diski ya nje, si kwenye flashi ya promosheni. Faili ikikwama kunakiliwa iruke, endelea na nyingine, usibishane nayo.

Na kwa hali hiyo nabadilisha kitu kimoja: usikubali fundi ahamishe diski nzima kama ilivyo kwenda kwenye SSD. Programu za kuhamisha zikikutana na sekta mbovu zinasota au zinabeba na uchafu. Windows isakinishwe upya kwenye SSD, faili zirudi baadaye. Na hiyo ya zamani ikishatolewa usiitie kwenye kasha la USB ukaifanya diski ya akiba kwa kuwa "bado inafanya kazi". Ungekuwa na diski isiyo na ugonjwa ningekuambia fanya hivyo, si hiyo.

Ukienda kwa fundi yeyote, si lazima mimi, kaa uone anavyofungua. Nusu saa ya kukaa kwenye benchi haiui.

Kijana wa CIVE

Fundi nimekubali yaishe kuhusu Publisher. Ila Mint bado ina kazi hapa. Nikiiweka kwenye flashi, mama anawashia kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote, na Windows inakuwa haisomi wala kuandika kitu kwenye ile diski wakati ananakili. Inapumzika. Na zikibaki faili zinazogoma, kuna ddrescue, inachukua kwanza sehemu zinazosomeka vizuri kisha inarudi polepole kwenye mbovu. Inahitaji diski nyingine yenye nafasi kubwa kuliko hiyo 500.

Fundi Bisibisi (Majengo)

Hapo umeongea kifundi. Mama, mkubalie.

Mama Kopi (Ng'hong'hona)

Nimeazima diski ya nje ya TB 1 kwa shemeji. Vyeti vimeshatoka vyote, faili za wateja zinaendelea, kuna folda moja ya mwaka juzi inagoma nimeiruka. Jumamosi mchana nashuka mjini na CM03XL yangu nimeiandika kwenye karatasi.

Kijana, ile flashi ya Mint ilete kesho kabla wateja hawajajaa. Utaprinti bure ripoti yako inayofuata, mwisho kurasa hamsini, za rangi unalipa.